Maji Chini ya Mazutu

Symphorien alipika chakula cha mtu mmoja. Kazi hiyo alikuwa hajaizoea. Kila siku unga ulizidi, na bukari, ugali wake, ilibaki kwenye sufuria. Asubuhi aliila baridi, amesimama mlangoni, akitazama lori lake uani.

Nyumba yake ya Likasi ilikuwa na vyumba vitatu. Zamani watu saba walilala humo. Baba yake alitoka Kasai kuja kufanya kazi ya mgodi, akazeeka hapa, akazikwa hapa. Ndugu zake walipanda treni kurudi Kasai miaka mingi iliyopita, wakabaki huko. Mke wake, Christiane, alikuwa Lubumbashi kwa binti yao Cathy. Cathy alijifungua mtoto wa kiume mwezi wa pili. Christiane alisema anakwenda kumsaidia kwa mwezi mmoja. Sasa ulikuwa mwezi wa saba.

Hawakuwa wamegombana. Cathy alirudi kazini mapema, na mtoto alihitaji bibi. Symphorien alisema atakuwa anakwenda kuwaona mara kwa mara, maana kazi yake ni barabara. Alichukua samaki na mahindi kutoka vijiji vya ziwa Tshangalele na vya Kapolowe, akapeleka sokoni Likasi, mara nyingine mpaka Lubumbashi. Alisema atafika. Lakini lori halikufika.

Kwa miaka kumi na sita Symphorien hakuwahi kusafiri peke yake. Alikuwa na Étienne, fundi wake. Étienne aliishi mtaa huohuo. Yeye alishughulikia mashine, Symphorien alishughulikia usukani. "Weye angaria njia," Étienne alikuwa akisema. "Minye nitaangaria mashine." Na ndivyo walivyoishi. Symphorien alijua kila shimo la barabara kutoka Likasi mpaka Lubumbashi. Ndani ya mashine hakujua kitu, na hakuona haja ya kujua.

Mwezi wa kumi na mbili wa mwaka uliopita Étienne alishikwa na homa. Siku ya nne akafa.

Symphorien alibeba jeneza. Alitupa udongo kaburini. Kisha akarudi kwake, na tangu siku hiyo hakupita tena mbele ya nyumba ya Étienne. Mjane wake, Rosalie, alikuwa na mashine ya kusaga mahindi palepale barazani. Symphorien alianza kupeleka mahindi yake kwenye mashine nyingine, mbali, ng'ambo ya reli. Kila mara alijiambia: wiki ijayo nitakwenda kumsalimia. Wiki ijayo ilipita, na nyingine, na nyingine.

Lori nalo likaanza kuchoka. Mwezi wa tatu lilikuwa gumu kuwaka asubuhi. Mwezi wa tano lilikosa nguvu kwenye vilima. Mwezi wa sita likaanza kuzima njiani. Dereva mmoja alimwambia afungue filtre, chujio la mazutu, yaani mafuta ya dizeli, alipulize kwa mdomo, kisha alirudishe. Symphorien alifanya hivyo. Lori likatembea vizuri siku mbili, halafu likawa baya kuliko mwanzo.

"Ni uzee," alijiambia. "Imezeeka kama minye."

Siku moja Christiane alimpigia simu.

"Papa Cathy, batizo ya mutoto ni siku ya Mungu, misa ya saa tatu. Utafika?"

"Nitafika."

"Usiseme tu. Fika. Mutoto anapewa jina yako. Padri ataita Symphorien, na watu watageuka kukutafuta."

"Mama Cathy, nitafika. Nitalala kwenu mbele ya ile siku."

Jumamosi asubuhi alipakia mahindi Kapolowe. Mwenye mahindi aliyahitaji Lubumbashi siku hiyohiyo. Symphorien alikuwa amefunga shati jeupe ndani ya mfuko, na viatu alivyovipaka rangi mwenyewe. Saa nne alikuwa barabarani.

Kwenye kilima cha kwanza lori lilianza kukohoa. Alikanyaga mafuta, nguvu haikuja. Lilipanda polepole, likatetemeka, likazima. Alingoja nusu saa. Liliwaka. Lilikwenda kilomita mbili, likazima tena. Alingoja tena. Mchana wote ulikwenda hivyo. Jua lilipokaribia kuzama, lori lilikataa kabisa. Alilala kwenye kiti, amejifunika gunia, maana baridi ya mwezi wa saba ni kali.

Jumapili kulikucha vizuri. Symphorien alikaa kwenye ngazi ya lori. Kina mama walipita kwenda kanisani, wamevaa vitambaa vipya, wakamsalimu. Aliwaitikia. Saa tatu ikafika. Alivua kofia, akaishika mkononi. Hakujua kwa nini alifanya hivyo. Ndege walilia kwenye majani makavu. Gari moja lilipita kwa kasi, vumbi likamfunika, kisha barabara ikanyamaza.

Saa nne na nusu simu ililia.

"Tulikungoja mpaka padri akaanza," Christiane alisema.

"Mutoto alilia?"

"Hapana. Alinyamaza muzuri."

"Nani alisimama pahali pangu?"

"Mukubwa wa bwana ya Cathy, ndugu yake."

Mtandao ulikatika. Symphorien aliendelea kuishika simu sikioni.

Jumatatu mwenye mahindi alituma lori lingine kuyachukua. Lori la Symphorien, sasa tupu, lilirudi Likasi kwa kuwaka na kuzima. Liliingia mtaani saa tisa mchana, kwa njia fupi, maana halikuwa na nguvu ya kuzunguka. Alibakiza nyumba kumi na mbili tu kufika kwake. Hapo lilikohoa mara ya mwisho na kusimama.

Lilisimama mbele ya mashine ya Rosalie.

Wanawake wawili waliokuwa wakingoja unga waligeuka kutazama. Rosalie akatoka, nywele na nyusi zake nyeupe kwa unga. Watu walimwita Mama Élie, kwa jina la mtoto wake wa kwanza, aliyefanya kazi Kolwezi. Rosalie aliishi peke yake.

Symphorien alishuka.

"Jambo, Mama Élie."

"Jambo, Papa Cathy." Rosalie alijifuta mikono kwenye kitambaa. "Miezi saba. Kutoka kwako mpaka kwangu ni nyumba kumi na mbili. Nilizihesabu."

Symphorien alitazama chini. "Sikujua nitasema nini."

"Nani alikuomba maneno? Ungeikala tu pale." Alionyesha benchi ukutani. "Étienne alikuwa na rafiki moja. Minye nikafikiri, yule rafiki atakuja, tutamulilia wawili. Nikamulilia peke yangu."

"Minye pia, peke yangu," Symphorien alisema. "Unisamehe, Mama Élie."

Rosalie aliingia ndani. Aliwapimia wale wanawake unga wao, akazima mashine yake, akarudi. Alisimama karibu na lori.

"Washa nisikie."

Symphorien alipanda, akawasha. Lori lilikohoa, moshi mweupe ukatoka, likazima.

"Mu kilima inakosa nguvu?" Rosalie aliuliza.

"Ndiyo."

"Inazima, unaipumzisha, inawaka tena kidogo, inazima?"

"Njo vile! Umejua je?"

"Mashine yangu ya kusaga inakunywa mazutu kama kamio yako. Étienne alinifundisha kuitunza." Aligonga mlango wa lori kwa kiganja. "Papa Cathy, tangu Étienne alikufa, nani anamwaga mayi?"

"Mayi? Mayi ya radiateur, ya kupoza mashine, naangaria kila siku."

Rosalie alimtazama kwa muda mrefu. Hakucheka.

"Haina ile. Mayi ya mu mazutu."

Symphorien hakuelewa. Rosalie aliingia ndani, akatoka na chupa ya plastiki inayopitisha mwanga, iliyokatwa juu. Alimwambia avute breki ya mkono na aweke mawe kwenye magurudumu. Yeye mwenyewe alisogeza mbali jiko la makaa. "Mazutu na moto havikae pamoja," alisema. Kisha wakangoja mashine ipoe. Walikaa kwenye benchi.

Mashine ilipopoa, Rosalie aliinama kando ya lori, akaonyesha kikombe kidogo kilichoning'inia chini ya chujio, kwenye njia ya mazutu kutoka tangi.

"Hii inaitwa dekanta. Kazi yake ni kutega mayi. Mayi ni mazito kupita mazutu. Kwa hiyo yanashuka chini, yanaikala humu mu kikombe. Mazutu inabaki juu, inaendelea mu filtre, halafu mu pompe inayoisukuma, halafu mu mashine. Lakini kikombe ni kidogo. Ikijaa na hakuna mutu wa kuimwaga, mayi yanapita. Angaria."

Aliweka chupa chini ya kikombe. Kwa vidole vyake alilegeza kifunguo kidogo cha chini. Maji yakatoka. Yalikuwa ya rangi ya kutu, na vipande vyeusi ndani yake. Yaliendelea kutoka. Symphorien aliona chupa inajaa robo, kisha nusu. Ndipo mazutu safi, ya njano, ikaanza kuchuruzika. Rosalie alifunga kifunguo kwa vidole.

"Kwa mukono tu. Usikaze na chuma kama pense, kikombe itapasuka."

Aliinua chupa kwenye mwanga. Ndani kulikuwa na mstari ulionyooka. Juu ya mstari, mazutu. Chini ya mstari, maji.

"Njo ile ulikuwa unaipa kamio yako," alisema Rosalie. "Mayi yanaleta kutu mu pompe. Yanaharibu injecteur, ile inapuliza mazutu mu mashine. Ungeendelea mwezi moja ingine, pompe ingekufa."

"Lakini mayi yanatoka wapi? Minye sitiangi mayi mu tangi!"

"Unanunua mazutu wapi?"

"Mara nyingi kwa bidon, yale madumu ya kando ya njia."

"Ile bidon ililala wapi? Pipa ya muuzaji ilinyeshewa mvua? Hujui. Na wakati wa baridi kama sasa, ukilaza kamio na tangi nusu, ndani kuko hewa. Usiku hewa inapoa, inafanya mayi, kama vile kioo inalia jasho asubui. Kwa hiyo jaza tangi mangaribi, ukiweza. Na kama ni lazima kununua bidon, iache itulie kwanza. Mimina polepole kupitia kitambaa safi, na yale ya chini kabisa usiyamimine."

Symphorien alishika chupa kwa mikono miwili.

"Étienne alikuwa anafanya hii kazi siku gani?"

"Kila asubui. Mbele ya kuwasha mashine, wakati mayi yote yameshuka chini."

Hapo Symphorien aliona. Aliona asubuhi za miaka kumi na sita. Aliona mgongo wa Étienne, ameinama kando ya lori, kopo mkononi, baridi ikimpiga. Na yeye yuko juu kwenye kiti, ameshakunywa chai, ana haraka ya kuondoka.

"Mama Élie," alisema. "Kila asubui nilikuwa namupigia honi. Nilifikiri anachelewa bule. Sikumuuliza hata siku moja."

"Najua," alisema Rosalie. "Alikuwa ananiambia. Alikuwa anacheka. 'Symphorien anajua njia,' alisema, 'mambo ingine ni yangu.'"

Symphorien aligeuza uso upande wa barabara. Rosalie alimwacha.

Baadaye alisema: "Sasa filtre. Mara ya mwisho uliibadilisha lini?"

"Niliitoa mwezi wa sita. Niliipuliza, nikairudisha."

"Aaa, hapana! Filtre ya mazutu haipulizwe. Ukiipuliza, karatasi ya ndani inatoboka, uchafu unapita. Ikichafuka inatupwa, inawekwa mupya. Kila kamio iko na kipimo yake ya kilomita, angaria mu kitabu yake. Na kama mazutu ni ya bidon, usingoje ile kipimo, badilisha mapema."

Asubuhi iliyofuata Symphorien alikwenda mjini na namba ya chujio la zamani ameiandika kiganjani, ili apate jipya lenye namba ileile. Alirudi nalo kwenye karatasi yake. Rosalie alifunga mlango wa mashine yake kwa saa moja.

"Leo utafanya weye," alisema. "Minye nitasema tu."

Alimwambia apanguse kwanza vumbi lote kuzunguka chujio, ili lisidondoke ndani. Symphorien akapangusa, akaweka chombo chini. Akalilegeza chujio la zamani, akalitoa. Lilikuwa jeusi na lilinuka. Akachukua mazutu safi kwa ncha ya kidole, akapaka mpira wa chujio jipya ili ukae vizuri. Symphorien alinyanyua bidon alijaze chujio.

"Aa, wapi!" Rosalie alimzuia. "Mazutu ya bidon haijachujwa. Ukiimimina humu, uchafu unaingia moja kwa moja mu pompe. Funga filtre ikiwa tupu. Kuko pompe ndogo ya mukono pale juu. Hiyo itavuta mazutu."

Symphorien alifunga chujio kwa mkono mpaka likashika vizuri. Kisha akalegeza skrubu ya kutoa hewa, akaanza kusukuma pampu ya mkono. Mapovu yalitoka, yakichanganyika na mazutu. Alisukuma mpaka kidole kikamuuma.

"Bado," alisema Rosalie. "Bado. Hewa ikibaki, haitawaka."

Mapovu yakapungua. Mwishowe mazutu ilitoka bila povu hata moja. Symphorien alikaza skrubu, akapangusa kila kitu, akaangalia kama kuna mahali panapovuja. Hapakuvuja.

"Washa."

Mashine ilizunguka mara mbili, lori likakohoa moshi mweupe kidogo, kisha likashika. Lilinguruma sawasawa. Symphorien alikaa juu ya kiti, mikono kwenye usukani, akisikiliza. Kwa miezi mingi hakuwa ameisikia sauti hiyo.

Aliposhuka alitaka kumwaga yale maji machafu mtaroni. Rosalie alimkataza. "Chini kuko kisima ya watu." Aliyamimina kwenye bidon kuukuu yenye alama nyekundu, ili mtu asidhani ni maji au mafuta ya kupikia. Bidon ikijaa, wenye gereji wangeichukua. Wote wawili walinawa mikono kwa sabuni.

Tangu hapo Symphorien aliamka mapema kidogo. Kabla ya kuwasha, aliinama kando ya lori na chupa yake. Siku ya kwanza maji yalitoka kidogo. Siku ya tatu, matone tu. Alipotia mazutu ya bidon moja ya njiani, kesho yake maji yaliongezeka, na akajua muuzaji yule si wa kumrudia. Jioni, akirudi kutoka Kapolowe, alisimama kwa Rosalie. Mara nyingine walizungumza habari za Étienne. Mara nyingine alikaa tu kwenye benchi mpaka mashine ya kusaga ilipozimwa, kisha akaenda kwake. Nyumba yake ilikuwa kimya vilevile. Bukari iliendelea kuzidi.

Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa nane alipakia mahindi ya Lubumbashi. Hakumpigia Christiane simu. Aliona haya kuahidi tena. Kilima cha baada ya Kapolowe kilipokuja, alishika usukani kwa nguvu na kuacha kupumua. Lori lilipanda. Halikukohoa. Lilifika juu, likaanza kushuka, na Symphorien akajikuta anaongea peke yake, anasema, "Aksanti, mukubwa Étienne. Aksanti."

Alifika kwa Cathy saa nane mchana. Christiane alikuwa anaanika nepi. Alisikia lori, akageuka, nepi ikabaki mkononi.

"Papa Cathy? Wiko na tatizo gani?"

"Hakuna tatizo. Nimefika tu."

Christiane aliingia ndani, akatoka na mtoto, akamweka mikononi mwake. Mtoto alimtazama babu yake, akakunja uso, akalia kwa sauti kubwa. Symphorien hakujua amshike vipi. Alimrudisha kwa bibi yake haraka.

"Hakujui," alisema Christiane. "Atakujua je, hakuone?"

Jumapili walikwenda misani wote. Jumatatu Symphorien alirudi Likasi, na kando yake kiti kilikuwa kitupu. Christiane hangeweza kuondoka kabla Cathy hajapata mtu wa kulea. Labda mwezi wa kumi, alisema. Labda. Barabara ilikuwa ndefu, na Symphorien hakuwasha redio.

Baada ya wiki mbili alikwenda tena, akafika. Mtoto alilia, lakini kwa muda mfupi, kisha akalala. Baada ya wiki mbili nyingine akafika tena. Alifungua mlango wa lori, akashuka, akanawa mikono bombani mpaka harufu ya mazutu ikapungua. Christiane alikuwa amesimama mlangoni na mtoto kiunoni.

Mtoto alimtazama muda mrefu. Alitazama lori, akamtazama yeye tena. Kisha akanyoosha mikono yote miwili.